Kisima kinanuka oili: kuchemsha hakusaidii

SWALI: Nyuma ya nyumba yetu kuna yadi inayokusanya oili chafu ya magari kwenye mapipa. Tangu masika yaishe, maji ya kisima chetu yana utando wa rangirangi na harufu ya gereji. Tunayachemsha na kuyatia klorini. Inatosha? Udongo wa hapa ni kichanga.
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Haitoshi, ndugu yetu. Acheni leo hii kuyanywa na kuyapikia. Moto na klorini huua vijidudu tu. Madini ya risasi yaliyomo kwenye oili chafu hubaki palepale sufuriani, na benzini, kemikali ya sumu iliyomo kwenye mafuta, hupanda na mvuke mkaivuta jikoni.

Gusa ule utando kwa kijiti. Ukivunjika vipandevipande na kubaki hivyo, huenda ni bakteria wa chuma, si mafuta. Ukijiunga tena nyuma ya kijiti, ni mafuta.

Kisha pelekeni maji maabara kwenye chupa ya kioo, si ya plastiki, maana plastiki hunyonya mafuta na majibu yakaja mazuri kwa uongo. Ijazeni mpaka mdomoni pasibaki kiputo cha hewa, muiweke kwenye barafu. Taja unachotaka kipimwe: benzini, risasi na jumla ya mafuta ya petroli. Kipimo cha vijidudu hakitaona lolote kati ya hayo. Shirika la Afya Duniani linataka benzini isizidi mikrogramu 10 kwa lita, na risasi vivyo hivyo.

Msikiendeshe kisima kwa pampu kutwa nzima mkidhani mnakisafisha. Maji yakishuka kisimani, yale ya chini ya yadi huvutwa kwenu pamoja na oili yake, na kwenye kichanga hayakawii.

Chanzo kisipozibwa, kazi yote ni bure. Mapipa yakae chini ya paa, juu ya sakafu ya zege yenye ukingo unaoweza kubeba ujazo wa pipa kubwa kuliko yote na ziada ya asilimia 10. Oili ikimwagika, imwagiwe unga wa mbao au mchanga mkavu, izolewe, itiwe kwenye pipa lenye kifuniko. Wenye yadi wasioshe kwa sabuni: huitawanya oili na kuizamisha ardhini. Udongo mweusi uchimbwe mpaka weusi na harufu viishe, uwekwe juu ya turubai, ufunikwe, uchukuliwe na msafirishaji mwenye kibali cha taka hatarishi. Kuchanganya udongo na samadi na kuugeuza kila wiki hufaa kwa dizeli. Kwa oili chafu huenda polepole mno, na risasi haiozi. Msipande mchicha hapo.

Andikeni barua serikali ya mtaa na NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, mkiambatisha picha na majibu ya maabara. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inambebesha mchafuzi gharama za kusafisha. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.