Gobore la babu: kahawia au buluu?

SWALI: Mhariri, assalaam alaykum. Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu. Nyumbani kwetu tunalo gobore la fataki aliloliacha babu, ambalo tundu lake la moto lilizibwa zamani na sasa ni pambo la ukumbini. Kasiba yake, yaani mtutu, imeshika kutu upande ulioelekea dirisha la baharini. Fundi mmoja ananishauri niitie rangi ya buluu kama bunduki za kisasa, na mwingine anashikilia kuwa rangi ya gobore ni kahawia. Ipi itahimili hewa ya kwetu?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yetu. Kahawia ni kutu, na aina moja ya buluu ya kale pia ni kutu. Katika kahawia, chuma kilichosafishwa mafuta (mafundi wa zamani walitumia chokaa, ambayo Lamu haijapata kuadimika) hupakwa dawa ya tindikali, kikaachwa penye unyevu mpaka kiote kutu nyekundu laini kama mahameli, kisha hiyo husuguliwa na kazi ikarudiwa mara kadhaa mpaka rangi ikolee. Buluu hiyo hufuata njia hiyo hiyo, ila kila baada ya kutu kuota kasiba huchemshwa katika maji safi, na wekundu ukageuka weusi wenye kuelekea samawati. Maji hayo yasiwe ya kisima chenye chumvi. Ya mvua kutoka jabiani yanafaa zaidi.

Ikiwa fundi wako wa kwanza anakusudia kuitumbukiza kasiba katika birika la magadi makali yanayochemka kwa nyuzi 140 hivi, mkatalie. Njia hiyo ilienea katika karne ya 20, gobore lako halikuijua, na dawa yake huyala maungio ya madini ya risasi na bati, ikajificha katika nyufa na kuchuruzika baadaye. Fundi wa pili naye amesema nusu ya kweli, kwa kuwa magobore ya kale yalikuwa ya kahawia, ya buluu, na mengine ya chuma kitupu kinachong'aa. Kahawia ilikuja kuwa desturi ya jeshi la Uingereza mapema karne ya 19.

Kwa hewa ya Lamu mimi ningechagua kahawia. Si kwamba inazuia kutu kuliko buluu, maana zote mbili ni ngozi nyembamba, na kinachoikinga kasiba na chumvi ya bahari ni mafuta au nta iliyo juu yake. Tofauti huonekana siku kinga hiyo inapopungua: juu ya buluu kila doa jipya hujitangaza kwa wekundu, ilhali juu ya kahawia doa dogo hufutwa kwa kitambaa chenye mafuta, na palipochubuka pakapakwa upya bila kasiba nzima kuvuliwa rangi.

Hata hivyo, kabla ya kumlipa fundi yeyote, sugua sehemu yenye kutu kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya mashine. Kama kitambaa hakitoki na unga mwekundu, na chuma ni laini chenye rangi ya tende, hiyo ni kahawia iliyojitengeneza yenyewe kwa miaka mingi; kuikwangua ili uweke mpya ni kulipunguzia gobore thamani na historia yake. Kama unga unatoka, endelea kusugua taratibu kwa mafuta mpaka ukome, bila msasa. Tundu kuzibwa nako msikuchukulie kuwa ruhusa: suala la idhini lipelekeni polisi kabla gobore halijatoka nyumbani kwenda kwa fundi.

Mwisho pakaza nta nyembamba, uirudie kila kusi inapoingia. Mafuta ya nazi usiyatumie, kwani huchacha na kunasa vumbi. Nalo gobore lihamishie ukuta ulio mbali na dirisha lile.