Arushwe darasa au abaki?

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, yuko darasa la 1 hapa Jinja, Uganda. Anasoma vitabu vya darasa la 3, akimaliza hesabu anasumbua wenzake. Mwalimu anataka tumrushe. Nikubali? – Mzazi, Jinja

JIBU: Bado, ndugu mzazi. Kwanza mpime. Asome ukurasa, ufunge kitabu, akusimulie na aseme kwa nini mambo yalitokea. Wengi husoma kwa kasi bila kuelewa. Kisha mpe 47 + 38 na vijiti vilivyofungwa kumi-kumi: akijua kubeba 1 lakini hawezi kukuonyesha hiyo 1 ni fungu lipi, amekariri tu. Tazama na mkono wake, kama anaweza kuandika kwa kasi. Akirushwa atafika mapema darasa la 4, na huko, masomo yanapohamia Kiingereza katika shule zilizoanza kwa lugha ya nyumbani, kuna kunakili kwingi.

Kosa la kawaida ni kumwongezea hesabu zilezile. Hiyo ni adhabu, naye atajifunza kufanya polepole. Mwombe mwalimu mtoto aanze na maswali 5 yaliyo magumu kuliko mengine katika zoezi; akipata 4, asamehewe yaliyobaki, apewe fumbo: kwa sarafu za 100, 200 na 500, shilingi 1,000 hulipwa kwa njia ngapi? (Ni 10. Wengi huishia 7 au 8 kwa kuwa hawapangi. Aanze na sarafu za 500.) Akilia kwa kukosea, usimpe jibu.

Baada ya muhula mmoja, kama bado anachoka na kusubiri, kaeni tena na mwalimu. Ila arushwe mwanzoni mwa mwaka, si katikati.