Maswali ya wapendwa: Nabii kanitajia jina la mama, nimuamini?

Bwana asifiwe wapendwa. Maswali yamekuja mengi, nimechukua matano, mengi yanazunguka palepale: hii sauti ni ya Mungu au ni ya mtu?

Nabii mmoja kanitajia jina la mama yangu na ugonjwa wake bila kumwambia chochote. Sasa anataka sadaka ya ukombozi laki tatu kabla ya Ijumaa. Nitoe? (Dada, Mbagala)

Usitoe dada yangu. Naanza na hilo maana Ijumaa sio mbali. Mtu kutaja jambo la kweli haimaanishi katumwa na Mungu, kasome Matendo 16, yule binti wa Filipi mwenye pepo wa uaguzi alikuwa anapiga kelele kwamba kina Paulo ni watumishi wa Mungu aliye juu, na ni kweli tupu, lakini Paulo alimtoa yule pepo, na waliokasirika ni mabwana zake maana walikuwa wanapiga hela kupitia yeye. Kumbukumbu la Torati 13 ndo kali zaidi, hata ishara ikitimia unaambiwa uangalie anakupeleka kwa nani. Halafu tuseme ukweli, jina la mama na picha yake akiwa wodini si uliziweka status mwenyewe, na kwenye grupu la michango zipo, kuzipata kunahitaji ufunuo gani jamani?

Kuhusu hela, nabii Elisha alibembelezwa na Naamani, aliyeponywa ukoma, apokee zawadi akakataa, aliyezikimbilia ni Gehazi mtumishi wa Elisha na akaondoka na ukoma (2 Wafalme 5). Ila mimi kinachonishtua zaidi ni hiyo "kabla ya Ijumaa". Mungu anaweza kukuharakisha, Lutu aliharakishwa atoke Sodoma, lakini hakuambiwa alipie kwanza. Mwambie mchungaji wako na mzee mmoja wa kanisa, waeleze kila kitu. Na kama nabii alikukataza usimwambie mtu, basi jibu ulikuwa nalo tayari.

Kaka wa kwaya anasema Mungu kamwonyesha mimi ni mke wake. Mimi sijaonyeshwa kitu. (Tabata)

Basi asubiri na wewe uonyeshwe, haraka ya nini. Kuna habari moja 1 Wafalme 13 huwa haihubiriwi sana sijui kwa nini, mtu wa Mungu kutoka Yuda alishaambiwa asile wala kunywa kule Betheli, akaja nabii mzee akamwambia malaika kasema turudi nyumbani ule, Biblia inasema wazi alimdanganya, yule bwana akarudi akala na simba akamuua njiani. Na huyo mzee alikuwa nabii kweli, sio tapeli wa mjini! Kwa hiyo "Mungu kaniambia" haifungi mjadala, Paulo mwenyewe anasema manabii wanene wawili au watatu, wengine wapambanue (1 Wakorintho 14:29). Waulize wanaoishi naye anaongeaje na dada zake, analipaje madeni. Na kama humpendi tu, mwambie humpendi, sio dhambi.

Nimeota jirani ananikimbiza na panga. Ndo mchawi wangu? (Kimara)

Hapana, usimwite mtu mchawi kwa ndoto. Mhubiri 5:3 inasema ndoto huja kwa sababu ya shughuli nyingi. Omba, kamsalimie jirani, lala.

Mama anatumia dawa za presha, kaombewa na mafuta, kaambiwa akimeza tena dawa ni kukosa imani. (Temeke)

Mama aendelee na dawa, mpeleke akapimwe. Mafuta yenyewe sina ugomvi nayo, Yakobo 5:14 yapo, lakini Paulo huyohuyo aliyeombea wagonjwa alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo, hakumwambia huna imani. 2011 tuliona misururu ya magari Samunge, Loliondo, watu wakienda kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, na wapo walioacha dozi zao. Februari 2020 pale Moshi watu 20 wakafa kwenye msongamano wakigombania kukanyaga mafuta ya upako kwenye ibada. Sio watu wajinga wale, ni watu wenye shida, ndo maana anayewaambia "acha dawa" nina hasira naye.

Natoka Gongo la Mboto saa kumi na moja alfajiri narudi saa mbili usiku. Nitakuaje kiroho?

Waebrania 5:14 inasema wanaopambanua mema na mabaya ni wale ambao akili zao zimezoezwa kwa kutumiwa, kwa hiyo huhitaji kufunga siku arobaini mlimani ndo uanze. Soma kitabu kizima badala ya mstari mmoja mmoja wa kwenye picha, Marko ina sura 16 tu, ukikosa siti sikiliza Biblia ya sauti kwenye simu. Konda akizidisha chenji, rudisha. Umbea wa ofisini, jiulize kabla hujaupitisha. Na ile meseji ya "tuma kwa watu kumi upokee muujiza wako leo", anzia hapo, futa.