Muulize Fundi wa Kaseti: "Wimbo ndio huo, lakini si wenyewe"

Fundi alikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti Mwembe Tayari, Mombasa, kuanzia 1983 mpaka sidii zilipomfungisha. Kila mwezi hujibu barua zenu.

*Fundi, shikamoo. Mimi ni dereva wa lori, njia yangu ni Mombasa–Malaba, umri miaka 52. Nikiwa shule nilikuwa na kaseti ya Def Leppard, ile Hysteria, nikaisikiliza mpaka maandishi yakafutika. Mwezi uliopita mwanangu amenijazia nyimbo kwenye flashi ya gari, na humo mna "Pour Some Sugar on Me". Maneno ndiyo, gitaa ndilo, lakini kuna kitu kinanikera kama mchanga kwenye wali. Kijana ananicheka, ati masikio ya baba yamezeeka. Nimetazama jina la faili, nikaona 2012. Albamu si ya 1987? Mwenye kosa ni nani, mimi au flashi?*
*Baba Neema, Mariakani*

Marahaba, dereva. Mwambie kijana masikio ya baba yake ni mazima, na akuombe radhi.

Huo uliomo kwenye flashi sio ulioukariri shuleni. Ni wimbo ule ule, umepigwa na watu karibu wale wale, miaka 25 baadaye. Def Leppard, bendi ya Sheffield, Uingereza, walirudi studio wakaurekodi upya kuanzia sifuri, pamoja na "Rock of Ages" wa 1983, wakazitoa zote mbili Juni 2012. Mwaka uliofuata wakaongeza wimbo wa "Hysteria". Hawakuzipamba wala kuzitia madoido ya kisasa. Walichotaka ni kuiga mdundo kwa mdundo, kama mshona kofia anayekaa chini kuiga kofia aliyoidarizi mwenyewe akiwa kijana. Joe Elliott, mwimbaji wao, aliziita waziwazi nyimbo za kughushi.

Utauliza, mtu anaghushije mali yake? Hapo ndipo penye utamu. Wimbo una milki mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na lahani, huo ni wa watunzi. Na kuna rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio siku ile, ambayo mara nyingi ni ya kampuni iliyogharamia. Mapishi ni yako, lakini sufuria iliyokwisha pikwa ni ya mwenye hoteli. Zilipokuja nyimbo za kupakua kwa intaneti, bendi na kampuni yao, Universal, hawakuelewana kuhusu malipo. Mkataba wa wale jamaa ulikuwa unawapa nguvu ya kusema hapana, nao wakasema hapana, wakaendelea kusema hapana miaka nenda miaka rudi. Enzi hizo mtu alipotafuta Hysteria kwenye maduka ya intaneti, hakuiona. Basi wakaona: sufuria ya zamani hatuifikii, lakini mapishi tunayo, na mikono tunayo. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inailinda ile sauti iliyonaswa. Anayepiga upya kwa mikono yake, hata afanane vipi na ya kwanza, hajaigusa rekodi ya mtu.

Sasa tuutafute huo mchanga.

Wa kwanza uko kooni. Elliott alizaliwa Agosti 1959. Hysteria ilipotoka alikuwa ametimiza miaka 28 siku mbili tu nyuma yake. Juni 2012 alikuwa na 52, umri wako wewe hasa. Hebu leo jaribu kurukia lori linalotembea kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa utingo, ndipo utamwelewa. Anafika, lakini unamsikia akifika.

Wa pili uko kwenye gitaa. Steve Clark, mmoja wa wapiga gitaa wawili wa 1987, alifariki Januari 1991. Vivian Campbell akaingia 1992. Unaweza kuiga kila noti aliyopiga marehemu, lakini kidole chake kilivyouchelewesha uzi kidogo, hicho alikwenda nacho. Mmoja wa wanaosikika kote kuwili ni Rick Allen, mpiga ngoma. Huyu alikatika mkono wa kushoto kwenye ajali ya gari tarehe 31 Desemba 1984, albamu ikiwa bado jikoni, akajifunza upya kupiga kwa mkono mmoja na miguu miwili. Wenzake walimngoja. Mimi naona madoa mengi kwa wanamuziki wa roki, ila kwa hilo la kumngoja mwenzao nimewasamehe yote.

Wa tatu ni muda. Hysteria ilichukua zaidi ya miaka mitatu. Aliyewashikilia humo ni Robert John "Mutt" Lange, mtayarishaji aliyezaliwa 1948 Mufulira, mji wa migodi ya shaba ambao leo uko Zambia. (Nyinyi wapenda kantri mnaopiga kelele kila Jumamosi: ndiye aliyemtayarishia Shania Twain Come On Over, 1997.) Bwana huyu alikuwa anapanga gitaa juu ya gitaa, sauti juu ya sauti, kama tabaka za mkate wa kusukuma. Na katika mateso yote hayo, huo "Sugar" unaokusumbua ulikuja mwisho kabisa. Albamu ilikaribia kufungwa, Elliott amepumzika anakuna gitaa la mbao, Lange akasikia kipande, akang'ang'ania kifanywe wimbo. Ukazaliwa upesi upesi. Hiyo furaha ya watu waliochoka waliookota shilingi njiani utaighushije?

Ila nami nina langu la kuungama, maana huenda masikio yako niliyaharibu mimi.

Mwaka 1989 nilikuwa na deki mbili za kurekodia. Ya pili, mkanda wake wa mpira ulikuwa umelegea na mimi sina habari. Deki ikirekodi polepole, kaseti hiyo ukiipiga kwenye redio nzima inakimbia, na sauti inapanda juu kidogo. Nikauza hivyo miezi kadhaa. Siku moja akaja mwanafunzi mmoja wa Tudor na kaseti mbili mkononi: niliyomrekodia mimi, na nyingine halisi, ya kampuni, aliyoletewa na mjomba wake kutoka Dubai. Analalamika. Ati hii ya mjomba ni feki, imezubaa, imepoa kama chai ya jana. Nikazipiga zote mbili. Nikanyamaza. Nikachukua bisibisi, nikafungua deki, nikauvuta ule mkanda kwa kidole: umeng'aa, umenyooka, hata haurudi. Nikautia mpya. Nikamwambia kijana nitakurekodia tena bure, sawasawa. Akakataa! Akaondoka na ile yangu mbovu, ndiyo aliyoijua.

Kwa hiyo, dereva, kama kaseti yako ilitoka Mwembe Tayari mwaka huo, niwie radhi. Na kule Sheffield niwaombe radhi pia, maana mimi nilijua bei ya kaseti tupu ya TDK na bei ya iliyojaa, tofauti yake nikala na wanangu. Mrabaha, yaani malipo ya wenye wimbo, hata neno sikuwa nalijua.

Ya kukufurahisha ni kwamba Januari 2018 bendi na kampuni walikwisha patana, na rekodi zile za mwanzo sasa zinapatikana kwenye simu kihalali. Mwambie kijana wako wa flashi akutafutie ya 1987. Hiyo ya 2012 usiifute. Ipige usiku ukipita Mtito Andei, barabara ikiwa nyeupe, umsikilize mtu wa rika lako anavyojaribu.

*Fundi, habari za kazi? Sisi ni bendi ya vijana watano, Arusha, tunapiga roki kwa Kiswahili. Tumeletewa mkataba na kampuni ndogo. Mna kifungu kinachotukataza kurekodi upya nyimbo zetu kwa miaka mitano. Mwenzetu anasema ni utumwa, tukatae. Tufanyeje?*
*Mpiga besi, Arusha*

Salama, mwanangu. Kifungu hicho si uchawi, kimo kwenye mikataba mingi ya muziki duniani. Kampuni imetia fedha yake kwenye rekodi, haitaki kesho mkapige wimbo ule ule kwa jirani na kuuza kwa bei ya kutupa. Miaka mitano si ya ajabu. Ajabu ni mkataba usiosema miaka hiyo inaanza kuhesabiwa lini. Tangu siku ya kusaini? Tangu wimbo utoke? Au tangu mkataba uishe? Baina ya jibu la kwanza na la tatu mnaweza kuota mvi. Jambo la pili, someni utunzi unakwenda kwa nani. Rekodi wakichukua, mna pa kurudia. Utunzi ukiwaponyoka, hata kughushi hamtaweza bila ruhusa, kwa sababu mapishi nayo yatakuwa si yenu.

Mtazameni Taylor Swift. Si mwanaroki, najua, msinitupie mawe. Rekodi za albamu zake sita za kwanza ziliuzwa 2019 pamoja na kampuni iliyokuwa inazimiliki. Yeye alikuwa mtunzi wa nyimbo zake, na muda wa kifungu kama hicho chenu ulipokwisha akaanza kuzirekodi upya: mbili akazitoa 2021, mbili 2023. Mei 2025 akatangaza kwamba amezinunua zile za mwanzo. Asingekuwa na utunzi, angeanzia wapi?

Nendeni kwa wakili mmoja anayesoma mikataba, mlipe hata kwa kuchangishana, na kazi zenu zipelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, zikasajiliwe. Mimi ni fundi wa kaseti. Mimi ndiye niliyekuwa nawaibia watu kama nyinyi, sasa ndio mnaniuliza ushauri!

*Mzee wangu, tumebishana na kaka mpaka chai ikapoa. Wimbo wa Whitesnake, "Here I Go Again": kaseti yake inasema "hobo", redioni nasikia "drifter". Kaka anasema redio wamebadilisha. Nani kashinda?*
*Dada mtu, Tanga*

Hakuna aliyeshinda, pasheni chai. Wimbo umerekodiwa zaidi ya mara moja na bendi yenyewe. Wa kwanza uko kwenye albamu ya 1982, Saints & Sinners, huo ndio wa "hobo". Mwaka 1987 wakaurekodi upya kwa ajili ya soko la Marekani, wakaweka "drifter" kwa kuogopa msikilizaji asije akasikia "homo", tusi la Kiingereza kwa mashoga. Maana haikwenda mbali, bado ni mtu asiye na makao anayetembea peke yake. Oktoba 1987 ukashika namba moja Marekani. Kwa hiyo wimbo unaopigwa redioni siku zote, ule ambao watu wakisikia wanasema "ndio wenyewe", ni marudio. Kaka ana wa kwanza. Asiuchezee.

*Fundi, nimekuta kaseti za marehemu baba ndani ya sanduku, miaka zaidi ya ishirini hazijapigwa. Nyingi ni roki za zamani, Scorpions na wengine. Niliweka moja, ikalia kidogo ikakwama. Nataka nizihamishie kwenye simu.*
*Mwanahamisi, Malindi*

Pole kwa mzee. Usibonyeze tena pleyi, utaikata. Toa kaseti, chukua kalamu ya Bic, tia kwenye tundu, izungushe polepole mpaka mwisho, kisha irudishe yote upande wa pili. Tepu iliyokaa miaka inagandana, kwa hiyo ukisikia inang'ang'ania usilazimishe, gonga ubavu wa kaseti kwenye kiganja mara mbili tatu, uendelee. Angalia ndani, pale katikati, pana kitambaa kidogo kilichogandishwa juu ya kibati. Kikiwa kimedondoka, sauti itakuwa ya chini ya maji. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, usubiri kikauke. Halafu, kabla hujarekodi chochote, pima mwendo wa deki: piga wimbo mmoja wa Scorpions kwenye kaseti ya kampuni, na wimbo huo huo kwenye simu, vianze pamoja. Hakikisha wa kwenye simu ni wa zamani, maana nao mwaka 2011 walirekodi upya baadhi ya vibao vyao, usije ukalaumu mkanda wa deki bure.

Zile ambazo baba aliandika jina kwa mkono, anza nazo. Zikikushinda, leta hapa ofisini siku ya Jumatano. Ijumaa huwa sipo.