Yule ndege hana kinyongo, mwanangu

Mwanangu,

Jumapili kwenye simu uliniuliza nikakujibu juu juu maana salio lilikuwa linaisha, eti ni kweli yule ndege wa asali, anayeongoza watu mpaka kwenye nyuki, ukirina ukabeba kila kitu usimwachie nta, safari nyingine anakupeleka makusudi kwa simba au nyoka? Siku tatu nimelala na hilo swali. Najua limetokea wapi, limetoka kwa mjomba wako na ule mkono wake usiokunjuka.

Mimi nasema siku zote, yule ndege hana kinyongo, ana njaa. Wewe ulimwona mara moja tu tulipoenda Sikonge ukiwa darasa la tatu, kadogo, rangi ya kijivu, ukimtazama huoni cha maana mpaka aruke ndo unaona manyoya meupe pembeni ya mkia, na akikuita ni kama mtu anatikisa kiberiti sikioni. Wengine wanamwita mlembe. Anachotaka ni nta na majana, yaani watoto wa nyuki, asali ni yako, maana tumbo lake linaweza kusaga nta, na wanyama wenye uwezo huo ni wachache sana. Kule Sofala, Msumbiji, miaka ya 1580 padri mmoja Mreno, João dos Santos, alikuwa anawaona wakiingia mpaka kanisani kudonoa mishumaa.

Na kitu ambacho mimi niliyefundisha sayansi miaka yote ile bado kinaninyamazisha ni malezi yake. Mama yake anataga kwenye tundu la ndege mwingine, keremkerem au hudihudi, kifaranga anatoka hata macho hayajafunguka lakini mdomo tayari una ndoano, anawachoma nayo vifaranga wa mwenye nyumba mpaka wanakufa, halafu analelewa peke yake. Sasa huyo aliyelelewa na keremkerem, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumwongoza mtu kwenye asali, nani kamfundisha kumfuata binadamu?

Haya, kisasi. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi mara nyingi masalio ya masega wanayachoma au wanayafukia, ndege asishibe, aendelee kuwaongoza. Wamefanya hivyo miaka na miaka. Kama kila aliyenyimwa nta angepelekwa kwa simba, Mhadzabe gani angebaki?

Ila mjomba wako hakukusimulia yote, ngoja nikusimulie mimi.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa na mluzi wake wa kumwitia yule ndege. Kila watu wana wao, Wayao wa Niassa, Msumbiji, wanaita "brrr-hm", na watafiti walipima wakakuta ukiita hivyo uwezekano wa kupata ndege wa kukuongoza unatoka asilimia 33 unafika 66, na ndege wa Eyasi wanaitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe kuliko hiyo brrr ya Wayao, kwahiyo ndege anajifunza lugha ya watu wa pale alipo. Mimi wa babu yako niliushika jikoni, nikimsikia akiondoka asubuhi. Lakini si unajua kwetu, mtoto wa kike hapigi mluzi. Nilikuwa naupigia kwenye kuni tu, peke yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tumeenda kuni na mjomba wako, yeye kalala chini ya mti, mimi nikapiga mluzi na ndege akaja, mwanangu, akaja kweli, akatua tawi la karibu akaanza kelele zake, nikamsogelea akaruka mbele kidogo akanisubiri, nikasogea akaruka tena, hivyo hivyo mpaka miba imenichana miguu yote na nimesahau kuni na kila kitu. Halafu akanyamaza. Katulia tu kwenye tawi. Nikainua macho, mninga mkubwa, kuna tundu, na nyuki wanaingia wanatoka kama uzi unaovutwa.

Nikarudi mbio nikamwamsha mjomba wako nikamwonyesha, na tulipofika nyumbani yeye ndo akasema "baba, nimeona nyuki." Nami ningesema nini? Ningesema nimepiga mluzi? Nikafunga mdomo. Sega la kwanza, lile jeupe lenye asali inayodondoka, babu yako alimpa yeye, akamshika kichwa mbele ya watu. Na babu alikuwa na desturi ya kumwekea ndege kipande kwenye jani, ila siku ile mjomba wako alikichukua akakitupa kwenye moto, ndege yuko pale juu anatazama. Nilikiona kinayeyuka. Hapo ndo panaponiuma mpaka leo, kuliko hata lile sega.

Mwezi haujaisha akamfuata ndege mwenyewe, na kwenye tundu alikoongozwa akakuta koboko. Alikimbia akaanguka korongoni, mkono ukavunjika, na ukaungwa vibaya. Kijiji kizima kikasema ndege kalipiza.

Mimi nasema hapana, nimeshakwambia, hana kinyongo. Tundu ni tundu, leo nyuki kesho nyoka, na ndege naye anaweza kukosea kama mtu. Halafu nani kasema alikuwa ndege yule yule? Lakini nikisema hivyo najikumbuka usiku ule mjomba wako analia kwa maumivu, mimi niko kwenye mkeka nimefunikwa khanga, moyoni nasema ahsante. Nilimshukuru ndege. Miaka yote hii nawaambia watu hakulipiza, na mtoto yule wa miaka kumi na moja bado anataka awe alilipiza.

Kwahiyo usinibane niseme kama mjomba wako alistahili. Alikuwa mtoto, na alinibeba mgongoni nilipougua malaria, hilo nalo nalikumbuka. Sisemi. Ingawa kile kipande cha nta hakikuwa chake.

Mkienda Krismasi muulize mwenyewe, taratibu, mkiwa wawili, nani aliita ndege siku ile ya mninga. Akikwambia, nipigie usiku huo huo, hata iwe saa sita.

Mama yako