Fundi Amelichezea Gari, Bima Haina Habari

Maswali ya wasomaji kuhusu magari na bima. Anayejibu ni asesa mstaafu wa Mombasa, yaani mkaguzi wa magari wa bima.

Shikamoo Ami. Nina Subaru Forester XT ya 2015. Januari nilikata bima kubwa, ile inayolipia hata gari langu mwenyewe, na kwenye fomu nikajibu kweli kwamba gari liko kama lilivyotoka kiwandani. Machi fundi akabadilisha programu ya kompyuta ya injini, akatia ekzosi ya inchi tatu na intakula kubwa, ile ya kupoza hewa ya turbo. Kiwandani lilitoka na nguvu za farasi 280, sasa fundi anasema lina 330. Wenzangu wanasema ninyamaze, kwa nje gari ni lile lile, na bima wakijua watanipandishia. Nikinyamaza kuna ubaya gani? Na nikimgonga mtu je?
*Kijana wa Nyali*

Marahaba mwanangu. Gari zuri hilo, ila mimi ningaliliacha na farasi zake 280. Giaboksi yake ni CVT, ile ya otomatiki isiyo na gia za ngazi, na CVT haipendi kubebeshwa zaidi ya ilivyopimiwa. Lakini hukuniuliza hilo.

Nianze na hiyo habari ya "kwa nje ni lile lile". Gari likipata ajali, asesa anafika gereji na kamera. Hana haja ya kuwa mpelelezi. Anafungua boneti apige picha, na mbele ya macho yake pana mipira ya silikoni ya rangi ya samawati ambayo Subaru hawakuitia, na intakula yenye jina la kampuni nyingine ubavuni. Anainama kuangalia kama chesisi imepinda, anakutana na bomba nene la ekzosi, alama za kuchomelea zingali mpya. Madai yakiwa makubwa, kompyuta ya injini nayo itasomwa kwa mashine, na programu isiyokuwa ya kiwandani inajulikana. Nimeandika ripoti nyingi za namna hiyo na kifaa changu kikubwa kilikuwa tochi.

Sasa uzito wa kunyamaza. Januari ulisema kweli, kwa hivyo mkataba wako ulianza vizuri. Ila ufungue ule mkataba wenyewe, usiishie kwenye stika. Utakuta sharti linalokutaka uwaarifu kila kitu kinachoongeza hatari kikibadilika. Hapo umeshachelewa tangu Machi, lakini kuchelewa kunatengenezeka. Kisichotengenezeka kwa urahisi ni Januari ijayo. Kuhuisha bima ni kuingia mkataba mpya, na swali la kama gari limebadilishwa linarudi pale pale. Ukijibu "hapana" safari hiyo, umedanganya, na kampuni ikijua inaweza kuuhesabu mkataba wote kama haukuwahi kuwepo.

Wengi hawaamini nikiwaambia linalofuata. Si lazima ile ekzosi iwe ndiyo iliyosababisha ajali. Gari linaweza kuzama kwenye mafuriko limeegeshwa, injini imezimwa, na bado wakakataa kulipa. Swali linaloulizwa ni kama kampuni ya bima iliyo makini, ingalijua habari hiyo, ingalibadilisha bei au ingalikataa kukukatia. Farasi 50 za kuongeza zinabadilisha bei. Huhitaji wakili kukuambia.

Najua mnasoma ushauri wa Waingereza kwenye intaneti, kwamba kampuni itapunguza malipo kwa kadiri ya pesa ulizopaswa kuongeza, basi. Kwao ni kweli kwa mteja wa kawaida ambaye hakusema kwa uzembe tu. Walitunga sheria mwaka 2012 ikaanza kutumika Aprili 2013. Kenya tungali na kanuni kali ya zamani, ile waliyotuachia wao wenyewe.

Ukimgonga mtu, hesabu ni nyingine. Sheria yetu ya bima ya thadi pati, yaani ya kumlipa mtu mwingine uliyemuumiza, Sura ya 405, iliwekwa kumlinda yule aliyelala barabarani, wala haikuwekwa kwa ajili yako. Kifungu cha 16 kinataja mambo ambayo kampuni haiwezi kuyafanya kisingizio kwa majeruhi: umri wa dereva, hali ya gari, hata nguvu za farasi za gari. Kwa hivyo majeruhi, au jamaa zake akifa, hulipwa, mwisho shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Lakini kifungu hicho hicho kinaipa kampuni haki ya kukudai wewe hadi uirudishie pesa hizo. Kadhalika kama ulificha jambo zito wakati wa kukata bima, kampuni inaweza kwenda mahakamani, kabla ya miezi 3 kupita tangu kesi ya majeruhi ifunguliwe, ikaomba itamkwe kuwa haifungwi na mkataba. Ikishinda, majeruhi anabaki na wewe, na shamba la baba yako. Na hapo hatujagusa ukuta wa watu uliouvunja wala gari la mwenzio, kwa kuwa sheria hiyo inalazimisha bima ya mwili na uhai wa mtu tu.

Fanya hivi wiki hii. Andika barua pepe. Orodhesha kila kilichotiwa, ambatisha risiti na picha, uombe mabadiliko yaandikwe kwenye mkataba. Tazama unamwandikia nani, maana wakala huwakilisha kampuni, lakini dalali wa bima anakuwakilisha wewe. Kumwambia dalali si kuiambia kampuni. Na yule wakala anayekujibu "sawa bro, hakuna shida" kwenye WhatsApp, mwombe karatasi ya kampuni. Watakubali bure, au wataongeza ada, au watapandisha kile kiasi cha kwanza unachojilipia mwenyewe kila ajali, au watakataa. Wakikataa utafute kampuni nyingine, ukiwa na barua yao mkononi, kwa sababu hao wapya nao watakuuliza kama umewahi kukataliwa.

Omba pia gari lithaminiwe upya. Ukikata bima ya milioni 1.8 na gari pamoja na vyombo vyake lina thamani ya milioni 2.4, mikataba mingi hukuhesabu wewe kuwa umejibebea robo iliyobaki. Hasara ya 600,000 utalipwa 450,000, na kutoka hapo wakate kile kiasi chako cha kwanza.

Tena, kushindana mbio hakumo kabisa kwenye bima ya kawaida, hata uwe umetangaza kila nati. Ukienda kupimana na mwenzio usiku barabara ya Dongo Kundu, gari lako ni lako.

Asalamu alaykum. Nina Mazda Demio, kadi na bima vina jina langu. Mwanangu wa miaka 22 ameishusha gari, ameitia rimu kubwa na muziki wa shilingi 120,000. Yeye ndiye anayeiendesha kila siku, mimi huniteremsha sokoni tu. Je, bima yangu iko salama?
*Mama wa Kisauni*

Waalaykumu salaam Bi. Muziki na rimu ndivyo vidogo katika swali lako, kwa hivyo niviondoe kwanza. Bima nyingi hapa huweka kikomo kwa redio, mara nyingi 30,000 au 50,000, na usipoongeza pesa ndicho utakacholipwa vikiibwa vile vispika. Rimu zitajwe kwenye ripoti ya uthamini, na usome wanasemaje kuhusu kitu kuibwa peke yake bila gari. Gari kushushwa kwa kukata springi, hilo mimi silipendi kabisa. Kama alizikata kwa grainda, mwambie azirudishe za kiwandani au anunue seti iliyotengenezwa kwa gari hilo, kwani springi iliyokatwa huweza kutoka mahali pake gari likiingia shimoni. Na mashimo ya Kisauni unayajua.

Kubwa ni dereva. Wao wamekadiria ada wakidhani anayeendesha ni mama mtu mzima. Dereva mchanga, au mwenye leseni changa, kwa kawaida huwekewa nyongeza kwenye kile kiasi cha kwanza cha kujilipia, na wapo wanaotaka atajwe kwa jina. Andika kwamba mwanao ndiye dereva mkuu. Ada ikipanda, yeye ndiye ailipe, si ana pesa za muziki?

Mzee, injini ya Probox yangu ilinoki, ikafa, nikatia nyingine ya aina ile ile, 1NZ iliyotumika, kutoka Japani. Nguvu hazikuongezeka. Nahitaji kumwambia mtu?
*Dereva wa Mtwapa*

Ndiyo, watu wawili. NTSA kwanza, mamlaka inayosajili magari, kwa sababu nambari ya injini kwenye logibuku, yaani kadi ya umiliki wa gari, sasa si ile iliyo garini, na kubadilisha injini kunataka ukaguzi na rekodi mpya. Halafu bima, uwapelekee nambari hiyo mpya. Bei haitarajiwi kupanda kwa 1NZ kwa 1NZ. Lakini gari likiibwa likapatikana, au likigongwa likakaguliwa, nambari zisizolingana zitakufanya ueleze mambo kwa polisi kabla hujayaeleza kwa bima. Risiti ya aliyekuuzia injini na karatasi za forodha usizitupe. Kama hakukupa, rudi kwake leo kabla hajahamisha duka.