Tensheni ya taiming cheni kwenye Honda CB750 ya zamani: bolti haikazi cheni

Kwenye CB750 za kemu moja (mhimili unaofungua valvu), zile zilizoanza kutoka mwaka 1969, bolti ya tensheni, kile kifaa kinachokaza cheni inayozungusha kemu, iliyo nyuma ya bloku, katikati ya kabureta, haikazi cheni. Inayokaza ni springi iliyo ndani. Springi hiyo inasukuma kijiti kuelekea kwenye cheni, na bolti inaloki tu kijiti hicho kisirudi nyuma. Anayeibana kwa nguvu akidhani anaondoa ulegevu ataharibu mfereji wa bisibisi na kukwaruza kijiti, na siku ya kurekebisha kweli kijiti kitagoma kutoka.

Kabla hujashika spana, sikiliza. Cheni iliyolegea huchakacha injini ikiwa haijapigwa resi, inatulia kidogo resi ikipanda, kisha inarudi kwa fujo ukiachia ghafla. Weka ncha ya bisibisi ndefu katikati ya bloku, mpini sikioni: cheni inapita kati ya silinda ya pili na ya tatu, kwa hiyo hapo ndipo kelele yake ilipo. Kelele ya "tik tik" inayotoka juu ni tapeti, yaani nafasi kati ya valvu na kinachozisukuma. Zipime injini ikiwa baridi kabisa, valvu ya ingizo 0.05 mm na ya tokeo 0.08 mm. Mchakacho mzito wa chini, upande wa klachi, mara nyingi unaletwa na kabureta nne zisizovuta sawa. Vijana wengi hupasua injini kwa kelele ambayo ingeisha kwa kusawazisha kabureta.

Ukishathibitisha ni cheni, toa plagi zote ili krenki (mhimili mkuu wa injini) izunguke kirahisi, fungua mfuniko wa pointi (platini) upande wa kulia. Zungusha kwa spana ya 23 kwenye nati kubwa, kufuata mshale wa saa. Usithubutu kutumia kile kibolti kidogo cha katikati. Kinakatika, na hapo umejiongezea kazi ya siku nzima. Tafuta alama ya T ya 1-4, inayoonyesha pistoni za silinda 1 na 4 ziko juu kabisa, silinda namba 1 (ya kushoto kabisa) ikiwa kwenye kompresheni: tapeti zake zote mbili zitacheza kwa kidole. Kisha endelea mbele kidogo, nyuzi 15 hivi, mpaka kipini kinachoshika springi ya advansi (kinachowahisha cheche) kifike kwenye alama ya kusomea.

Kwa nini hapo na si popote? Kuna sehemu ambapo springi za valvu zinaisukuma kemu mbele, na upande wa nyuma wa cheni unavutika. Ukilegeza bolti wakati huo, springi ya tensheni haikuti ulegevu wowote wa kuchukua. Utaloki, utawasha, na kelele iko palepale.

Sasa legeza nati ya kuloki, legeza bolti, acha springi isukume, rudisha bolti mpaka iguse, kaza nati huku umeishikilia bolti kwa bisibisi. Basi.

Kama hakuna kilichobadilika, kijiti cha tensheni kimekwama kwa kutu au mafuta yaliyoganda. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku kucha. Bolti ikiwa bado imelegea, rudisha krenki nyuma kidogo: cheni ya nyuma inakazika na kukisukuma kijiti ndani, kinaachia. Rudi kwenye alama ukitokea nyuma yake, halafu loki.

Kelele ikirudi baada ya wiki chache, cheni imechakaa au mipira ya kuiongoza imekwisha. Fungua sampu, vipande vyeusi vya mpira kwenye chujio vinamaliza ubishi. Jipange vizuri, maana kwenye pikipiki hii silindahedi haitoki mpaka injini ishuke kwenye fremu.

Usihamishie utaratibu huu kwenye Suzuki GS750. Tensheni yake inajirekebisha yenyewe, na skrubu ya pembeni ikikazwa moja kwa moja inaizuia kufanya kazi. Unaikaza wakati wa kufunga tu, halafu unairudisha robo mzunguko na kuloki nati yake. Na ukiitoa tensheni hiyo, krenki isiguswe: cheni ikiruka jino, valvu zinakutana na pistoni.